Nilivyojifunza Kukuna Nazi

Gunia la mahindi liliporomoka kutoka juu ya lundo likanivunja mguu. Wenye ghala pale Changamwe walilipia plasta na gari la kunirudisha chumbani, na kesho yake sikuwa mtu wao tena. Kibarua hulipwa siku aliyobeba.

Nyumbani bara walikuwa wakinitegemea watatu: dada yangu wa kidato cha tatu na wadogo wetu wawili. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la saba, na tangu nije pwani karo na unga vilitoka mgongoni mwangu. Nilimpigia dada yangu nikamweleza yaliyonipata. Hakulia.

"Basi nakuja huko, Kaka. Kuna mama amenipatia kazi ya nyumba Bamburi."

"Na shule?"

"Si wewe uliacha? Mbona hujafa?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko mguu. Nikamsihi angoje mpaka shule zifunguliwe. Nikiwa nimeshindwa, nitampokea mwenyewe stejini. Alikubali kwa sauti ya mtu ambaye tayari anakunja nguo.

Mwenye nyumba wangu ni mama wa hapa hapa Mombasa, mjane, anayeuza mahamri na mbaazi za nazi mlangoni pake kila asubuhi. Nilimwendea na magongo yangu, nikamwamkia, nikamwambia kodi sina. Aliitazama plasta, kisha akanitazama viganja.

"Mikono mizima?"

"Mizima, Mama."

"Basi keti, mwanangu."

Akanisogezea mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, na kipande cha nazi. Nikaketi upande, mguu nimeunyoosha mbele kama boriti. Nguvu zangu zilikuwa zimezoea magunia. Nikaisukuma ile nazi mpaka meno yakagonga kifuu, na sinia ikajaa nazi yenye unga wa kahawia.

"Yallah! Wakuna nazi au waranda mbao?" Mama akanyakua sinia. "Mbaazi zangu zitakuwa rangi ya maji ya mtaro. Taratibu! Izungushe kiganjani, anza ukingoni. Weupe ukiisha, wacha."

Makuli wenzangu walipita kununua mahamri wakielekea kazini. Walinikuta nimeinama juu ya sinia.

"Bwana harusi," mmoja akaniita, "pilau yenyewe ni lini?"

"Ni leo," Mama akamjibu, "na wewe ndiwe wa kuosha masufuria." Wakamcheka yeye.

Nikaendelea. Mkono ulizoea, nikawa nauhisi utando wa kahawia kabla meno hayajaufikia. Mama akaniambia kodi nisiiwaze, kisha akawaambia wenziwe wapikao vya kuuza kwamba amepata mkunaji asiyechafua tui. Wakaanza kuleta nazi zao alfajiri, wakinilipa papo hapo. Nilituma nyumbani kilichopatikana: kwanza unga, halafu sehemu ya karo. Mwalimu mkuu akakubali iliyobaki ifuate muhula ukiendelea.

Dada yangu alipiga simu. "Kaka, pesa hizi umekopa kwa nani?"

"Nakuna nazi."

"Wewe? Wewe ambaye hata ugali ulikuwa ukikushinda kusonga?" Akacheka mpaka nikawasikia wadogo zetu wakiuliza kuna nini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nivunjike mguu.

Lakini kuhusu Bamburi hakusema neno, nami niliogopa kumuuliza.

Asubuhi ya kufungua shule nilikuwa kwenye mbuzi kama kawaida, simu nimeiweka gotini. Ilipolia niliifungulia spika, nikasikia makelele ya stejini, na moyo ukanishuka.

"Uko wapi?"

"Stejini, Kaka. Nangoja gari la kwenda shule. Nimevaa sare. Sketi imekuwa fupi kidogo, lakini watanivumilia."

Nikaendelea kukuna bila kutazama. Mama, aliyekuwa akigeuza mahamri kwenye karai, akapaza sauti: "Mwambie asome, inshallah tutamshonea nyingine. Nawe tazama hiyo nazi, wafika kwenye kifuu!"

Nikatazama. Kweli, nilikuwa nimefika.