Simu Ambazo Mama Hakuzisikia

Kila nilipotoka kazini, kabla sijavua viatu, Mama alinyoosha mkono nami nikamwekea simu kiganjani. Alitaka nyimbo za kwaya ambazo watu wa kanisani walinitumia, na baada ya nyimbo alitaka kujua nani alinipigia mchana. Simu yake mwenyewe ilikuwa imetumbukia kwenye sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikichemka, na hakukubali nyingine. "Moja inatutosha," alisema. Tulikuwa tukiishi katika chumba kimoja cha kupanga huko Nateete, mtaa wa Kampala, tangu tulipotoka Kongo, mimi na yeye, na ndani ya chumba kile hapakuwa na changu na chake. Kanga tulivaa kwa zamu. Hata mswaki wangu ilibidi niufunge uzi mwekundu ili usichanganywe na wake.

Ndiyo maana watu hucheka ninaposema kwamba kwa karibu mwaka mzima nilimficha Mama simu za mtoto wake.

Mdogo wangu tulimpoteza siku tuliyokimbia. Risasi zilianzia upande wa soko, na watu wote wakajaa barabarani kwa wakati mmoja. Mimi na Mama tulisukumwa upande wa mpaka, naye mdogo wangu akachukuliwa na kundi la majirani waliokuwa wakiingia msituni. Alikuwa bado msichana wa shule ya msingi, mwembamba, mcheshi kupita kiasi. Baba alikuwa amekwisha fariki, kwa hiyo tulibaki wawili tukiuliza kila mtu aliyevuka baada yetu. Wengine walisema walimwona, wengine walisema tusali tu.

Miaka ikapita, kisha siku moja mtu akapiga simu na Mama ndiye aliyepokea. Msichana wetu yuko katika kambi ya wakimbizi huko magharibi, mtu huyo alisema, jina ni lile lile na mji ni ule ule. Mama alipanda basi siku hiyo hiyo, amevaa gauni lake la Pasaka. Alimkuta msichana mwenye jina lile kweli, mtoto wa watu wengine, naye alikuwa amekaa langoni akimngoja mama yake. Walilia pamoja hadi jioni. Mama aliporudi hakula, hakusema, na wiki ile ile nikampeleka hospitali ya Mulago akiwa hawezi kusimama. Daktari alisema shinikizo la damu limepanda vibaya, kisha akanivuta pembeni: "Huyu mama asiletewe habari za kumshtua. Za huzuni wala za furaha." Nilishika maneno yale kama amri.

Mimi nilikuwa nauza vitenge katika duka moja la jumla Kikuubo, kwenye soko la katikati ya jiji. Kati ya wateja wetu alikuwapo mama mmoja mfanyabiashara aliyekuja kutoka ndani kabisa ya Kongo, mnene, mwenye sauti kama kengele. Alipenda kunitania kwa sababu mimi nikicheka sijizuii, naanza chini na kumalizia juu kama mtu anayepanda ngazi. Mchana mmoja, akiwa amerudi kwao, alinipigia. Dukani kulikuwa na kelele, wapagazi wanapita na mabelo, yale marobota ya vitenge, mgongoni wakitupigia kelele tupishe.

"Sikiliza," akasema. "Hapa kwetu kuna fundi wa kushona, mwanamke kijana. Leo nimemsimulia kituko fulani, akacheka. Nikamwambia, kuna dada Kampala anacheka hivi hivi. Sasa ameacha cherehani na amenishika mkono haniachii. Ongea naye."

Nilitaka kuamini, lakini nilikumbuka gauni la Pasaka. Nilijibana nyuma ya mabelo ya vitenge nikauliza kwa sauti ya polisi: "Siku tuliyokimbia, wewe ulibeba nini?"

Sauti nyembamba ikasema: "Nilibeba kuku. Mama alinigombeza. Na yule kuku akataga ndani ya mfuko wangu wa shule tukiwa tunakimbia, Yaya. Nilikuonyesha yai, ukacheka, Mama akatupiga sote wawili."

Nilikaa chini kwenye saruji. Kwetu Yaya ni dada mkubwa, na tangu siku ile ya risasi hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Mwenye duka alidhani nimeibiwa. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na kule upande wa pili naye alikuwa akicheka vile vile, tunapanda ngazi pamoja.

"Mama yuko?" akauliza.

"Yuko. Bado anagombeza."

"Nipe niongee naye."

Hapo ndipo nilipomweleza habari za kambi na za Mulago. Yeye naye akanieleza yake: ameolewa na dereva wa lori, ana mimba kubwa, na barabara ya kuja mpakani imefungwa kwa mapigano. Hakuna aliyejua itafunguka lini, wala kama itafunguka salama. Nilimwambia kwamba Mama hataambiwa mpaka nimshike yeye kwa mkono wangu huu. "Sawa, Yaya," akasema.

Jioni ile ile nilipita kwa fundi wa simu aliyeketi chini ya mwavuli karibu na steji ya teksi, mwanamke wa Kiganda mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nilimwambia nina namba ambayo sitaki mtu wa nyumbani aione. Alinitazama kwa huruma, akidhani anajua.

"Hii simu yako iko na mrango ya siri," akasema. "Namba unaweka huku, ikipiga haitalia. Meseji haitaonekana. Unaandika namba yako ya siri, mrango nafunguka, unaona yote. Lakini nyabo, dada yangu, bwana ya mtu ni matatizo."

"Si bwana ya mtu," nikamwambia.

"Wote nasema hivyo," akajibu, akaendelea kubonyeza.

Basi nikaanza maisha ya mwizi. Mama alipokuwa akisikiliza kwaya, ndani ya simu ile ile, chini ya kidole chake, zilikuwamo meseji za mtoto wake. Mtoto amezaliwa, ni wa kike. Mtoto ana masikio ya Baba. Leo tumesikia milio ya bunduki lakini mbali. Mimi nilizisoma chooni, au nimesimama nyuma ya kamba za nguo, na nikawa najibu huku natazama mlangoni.

Mama si mjinga. Aliona ninatoka nje na simu na kurudi na macho mekundu huku natabasamu. Akaanza kunizungukazunguka kwa maswali.

"Ni wa kanisa letu?" aliniuliza siku moja akichambua mchele.

"Nani, Mama?"

"Huyo unayeongea naye kwenye kamba za nguo."

"Hakuna mtu, Mama."

"Kama ana mke, niambie sasa. Mapema. Na kama ni mwanajeshi, niambie pia, nijue nitakavyoomba."

Aliwaambia akina mama wa kwaya. Mmoja wao alinipitia dukani kunishauri kuhusu ndoa takatifu. Nilivumilia. Kila Mama aliponitazama kwa ule wasiwasi wake nilitaka kupasuka, lakini nilimwona tena akishuka kwenye basi la kutoka kambini, nikaumeza ulimi wangu.

Hapo nyumbani mtu mmoja tu ndiye aliyejua. Chumba cha tatu kutoka kwetu aliishi mke wa mwanajeshi, mtu wa kaskazini, mrefu, asiye na maneno mengi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya jeshi, alichokuwa akizungumza na wake wengine wa askari wa kila kabila. Mume wake alikuwa kazini mbali, na yeye alijua maana ya kungoja simu. Alinifuma nikilia kwenye bomba la maji, nikamwambia yote. Hakushangaa.

"Mama," akaniambia, maana kila mwanamke alimwita hivyo, "tumia simu yangu pia. Nyumba yangu iko hapa. Wewe ongea, mimi hapana sikia."

Ni yeye aliyetupa jambo ambalo nalikumbuka kuliko yote. Mdogo wangu alikuwa hakomi kuniomba: hata asiongee, asikie tu sauti ya Mama. Jumamosi moja, jua bado liko juu, Mama alikuwa uani akitwanga majani ya muhogo kwa sombe. Alipenda kuimba akitwanga. Mke wa mwanajeshi alimpigia mdogo wangu kwa simu yake, akaja akaketi kwenye kigoda karibu na kinu, simu ameifunika kwa kanga mapajani.

"Mama," akamwambia mama yangu, "imba ile wimbo yako ya asubuhi. Mimi napenda."

Mama alisifiwa kwa nadra. Aliimba kama yuko mbele ya askofu. Aliimba beti zote, akarudia kiitikio, mchi unagonga, na katikati akasimama kumgombeza kuku wa jirani aliyesogelea majani, kisha akaendelea. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, siwezi kusogea. Alipomaliza, jirani aliinuka taratibu akaingia kwake. Baadaye alinipa simu. Nilisikia pumzi za mdogo wangu, na mtoto mchanga akiguna. Kisha akasema: "Bado anagombeza kuku."

Barabara ilifunguka msimu wa mvua ulipokwisha. Mume wake alimfikisha mpakani kwa lori, na kutoka hapo angepanda basi. Mimi nilikuwa nimepanga kila kitu vizuri: angefika Alhamisi, siku ya Mama ya kliniki Mulago, wakutane pale pale kwenye benchi, muuguzi akiwa karibu. Muuguzi nilikwisha mwambia. Nilijiona mwerevu sana.

Basi lilifika Jumatano.

Siku hiyo Kikuubo ilikuwa imefurika wateja, nami sikugusa simu tangu asubuhi. Ilikuwa mfukoni, kimya, kama fundi alivyoiagiza. Nilipopata nafasi ya kunywa chai nikaandika namba yangu ya siri, na mlango ulipofunguka nikaona amenipigia na kunipigia, na meseji moja juu ya nyingine. *Yaya nimefika.* *Yaya niko Nateete penye steji.* *Yaya mbona hupokei?* *Yaya mtoto amechoka.* Na ya mwisho: *Nimempigia mke wa mwanajeshi. Amekuja kunichukua.*

Nilitoka dukani bila kuaga. Nilipanda boda nikamwambia mwendeshaji afanye awezavyo, na njia nzima nilikuwa nikimwona Mama ameanguka uani, na mimi ndiye niliyeizima sauti ya simu ile.

Nilipoingia getini, Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharage. Mzima. Mlango wa mke wa mwanajeshi ulikuwa umefungwa, naye amesimama mbele yake mikono kiunoni, kama mlinzi wa benki.

Aliniambia chini kwa chini: "Wako ndani. Mimi hapana guza hii maneno. Hii iko kazi yako."

Kabla sijavuta pumzi, mtoto akalia ndani. Mama akainua kichwa. Watoto wa jirani yule walikuwa wakubwa, wote wako shule ya bweni.

"Mtoto wa nani huyo?" Mama akauliza, na akaanza kuinuka.

Nilimwahi. Nilipiga magoti mkekani nikamshika mikono yote miwili. "Mama, kaa. Yule mtu unayesema naongea naye kwenye kamba za nguo."

"Ehe. Amekuja?"

"Amekuja. Si mwanamume, Mama."

Alinikazia macho. Nadhani alielewa hapo hapo, maana vidole vyake vilianza kunibana mpaka nikaumia. Mlango ukafunguka. Mdogo wangu akatoka, mwanamke mzima, mwenye mashavu, amembeba mtoto mgongoni kwa kitenge cha njano, akasimama pale juani bila kujua aweke wapi mikono yake.

Mama hakuanguka. Alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, polepole, kama mtu anayekagua nguo aliyoishona mwenyewe.

"Umenenepa," akasema.

Halafu akapiga kigelegele. Sijawahi kusikia kigelegele kama kile, si harusini wala kanisani. Kilipanda juu ya mabati, watu wakatoka vyumbani, muuza chapati akaacha kikaango chake barabarani akaja kuchungulia. Mama aliwakumbatia wote watatu kwa mara moja, mtoto, mama na kitenge, huku maharage yakitawanyika uani na kuku wakiyala, na safari hii hakuna aliyewagombeza. Mke wa mwanajeshi, asiye na maneno, alianza kucheza ngoma ya kwao peke yake, akiruka juu kwa miguu yote miwili, na akina mama wa Kiganda wakampigia makofi.

Nilimuuliza Mama kama kichwa kinamuuma, kama anaona vizuri.

"Ulidhani furaha itaniua?" Mama akasema. "Mimi? Mimi ambaye huzuni ilinitembeza hadi kambini na kunirudisha?" Kisha akanivuta sikio, kwa nguvu kabisa, kama nilivyostahili, na pale pale akanibusu kwenye paji la uso. "Na mimi nilikwisha anza kukutafutia mshenga," akasema, akacheka, na sisi mabinti zake tukacheka naye.

Kesho yake tulikwenda kliniki Mulago wote wanne, kama ilivyopangwa. Muuguzi alimpima Mama, akakunja uso, akampima tena. Damu ilikuwa imetulia kuliko siku zote alizowahi kumpima. Mama hakusubiri kuelezwa. Alimchukua mjukuu wake, akaanza mwanzo wa benchi, mgonjwa hadi mgonjwa, akiwasimulia kwa Kiswahili cha kwetu na Kiganda chake cha sokoni jinsi mtoto wake alivyopatikana. Muuguzi akamwomba apunguze sauti. Mama akaiongeza.