Fisi Anakaa Mtaa Gani?

Kwenye maonyesho ya vitabu katika shule moja ya Mtoni, miaka ile ya foleni za sukari, niliwasomea watoto hadithi yangu ya fisi aliyeficha sukari ya wenzake. Wazazi walicheka, isipokuwa balozi wa nyumba kumi, aliyesimamia mgao wa sukari mtaani. Alinikazia macho tangu mwanzo. Nikajua huyu katumwa kunichunguza, nikapandwa na hasira.

"Fisi huyo anakaa mtaa gani?" akauliza.

"Hana mtaa, ndugu balozi. Ni hadithi tu."

"Nani kakusimulia?"

Nikafunga kitabu, tayari kumjibu vibaya. Binti yake mdogo akamvuta shati.

"Baba, na yeye anaificha chini ya kitanda kama sisi?"