Malkia wa Pikipiki

Mwezi uliopita, kwenye kabati la vioo la makumbusho moja, niliona sarafu ya kale ya Wagiriki yenye mungu wa kike aliyevaa kofia ya vita. Nikacheka peke yangu, maana tulikuwa tumeshaonana Sumbawanga.

Mama aliuza makoti sokoni, enzi marobota ya mitumba yalipoanza kumiminika kwetu. Alasiri moja upepo ulikuwa wa baridi kali, na robota lililofunguliwa lilinuka dawa ya nondo. Mzee mmoja mfugaji, mhamiaji kutoka Shinyanga, alikuwa amekwisha kulipia koti zito la kijivu. Nilipokuwa nikimpekulia mifuko ya koti hilo, nikatoa kisarafu cheusi chenye kichwa cha mwanamke mwenye kofia.

“Mama, malkia wa Wazungu anaendesha pikipiki!” nilipiga kelele. Kofia ile haikuwa na maana nyingine kwangu.

“Mrudishie babu,” mama alisema. Kwenye meza yake, kilichokutwa mfukoni kilikuwa cha mwenye koti.

Nilikunja ngumi, machozi yakinilenga. Sasa najua wapo watu wanaokusanya sarafu kama ile maisha yao yote. Mimi nilikuwa na yangu kwa dakika moja tu, na tayari sikutaka kuiachia.

Mwishowe nilimpa. Mzee aliikagua, akainusa, akanirudishia.

“Kaa naye, mjukuu wangu. Nimenunua koti, sikununua mwanamke. Nyumbani ninao wawili, na hao tu wananishinda.”

Mama alicheka mpaka akaketi juu ya robota. Gauni langu halikuwa na mfuko, kwa hiyo nilikwenda nyumbani nimeibana sarafu shavuni, ikiniachia ladha ya msumari. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Wagiriki nao, wakienda sokoni, walizibeba hivyohivyo.