Mji Usio na Moshi Huko Mpepai

Kitendawili! Nina mji wenye vyumba mia, hautoi moshi hata wa chai. Tegueni. Hamjui? Msione haya, Vitalia Haule amelala nacho, naye hajakitegua.

Saa kumi na mbili asubuhi anapanda mlima wa Mpepai, simu mkononi, viatu vimelowa umande. Hatulii. Akisimama kuzungumza nawe, mguu mmoja umeshaondoka.

Kazi yake ni kuweka alama za nyumba kwenye ramani ya simu, ile ambayo yeyote anaweza kuichora, hata akiwa mbali. Kompyuta huzihesabu alama, kisha hupaka rangi: penye nyumba nyingi, nyekundu; penye mashamba, kijani. Mabomba ya maji yataanzia penye nyekundu. Ramani inafungwa leo jioni.

"Shikamoo, Mama Beata."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunihesabu tena?"

Kitongoji cha Mama Beata Ndunguru kina kaya sitini na ushee, zimefunikwa na migomba na mibuni. Ramani imekipaka kijani. Mteremko wa ng'ambo ya kijito umekuwa mwekundu pyu.

"Kwa hiyo mimi ni kahawa?" anauliza Mama Beata, ndoo kichwani. "Basi nichume, ukaniuze chama cha msingi."

Vitalia anacheka, lakini macho yake yako ng'ambo. "Wenzangu walioko mbali walichora vile vyumba vya ng'ambo kwa picha za angani, nami nikavipitisha. Mama, nani anaishi pale?"

"Nilikutegea jana. Tegua."

Vitalia ni mzaliwa wa Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye mihogo na dagaa wa usipa. Huku milimani ana wiki tatu tu.

"Nikitoka hapa narudi kuchora kwetu, mlango kwa mlango," anasema huku akishuka kijitoni, "kabla hajatuchora mtu asiyetujua."

Ng'ambo hakuna mlango. Hakuna kuku, hakuna jivu. Kuna mashimo ya mraba, safu juu ya safu, yamezungukwa na matuta kama kuta, na mahindi yamesimama juu ya kuta hizo. Anatazama simu. Anatazama chini. Kidole kinafuta chumba cha kwanza, cha pili, kinakimbia.

Kisha anapaza sauti kuvuka maji:

"Mama! Ni ngolo, mashimo yenu ya kulimia mteremkoni! Tulikuwa tunayapelekea mahindi maji ya bomba!"