Binti yangu alitaja kila noti kimakosa mbele ya mwalimu wa piano Kitale, na kumbe hakukosea hata moja

Wakuu, salamu kutoka Kamukuywa.

Mimi hapa huwa msomaji. Nyuzi zangu ni chache, na karibu zote ni za carburetor. Leo naleta jambo la piano, na nawaomba mnisome pole pole kwa sababu hata mimi bado sijatulia. Sitaongeza kitu. Mahali sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki.

Shule nilifika form two tu. Kazi yangu ni kutengeneza pikipiki hapa sokoni, na Jumapili napiga kinanda kanisani. Kwa hivyo nikieleza muziki vibaya nirekebisheni. Huwa naandika mambo ya siku yangu kila jioni, lakini hii nimeshindwa kuiandika nikiwa peke yangu.

Mtoto wangu wa kwanza anaitwa Nafula, ako Grade 6.

Tulisikia kwamba shule moja ya bweni Kitale inachukua mtoto mmoja aingie junior school bila karo, bora ajue piano ya classical. Mmoja tu. Karo ya hiyo shule mimi siwezi, hata nikiuza spana zote na meza ya kazi. Kwa hivyo kama angeingia, angeingia kwa hiyo piano. Njia nyingine haikuwepo.

Masharti yalikuwa acheze vipande viwili vya beginner mbele ya mwalimu wao wa muziki.

Sasa mimi classical nitajulia wapi?

Nilienda Bungoma kwa cyber, nikatafuta, nikaprintiwa karatasi nyingi za noti, nikarudi nazo kama mtu aliyetoka kuchukua matokeo ya hospitali. Nilikaa nazo hadi nikaanza kuelewa ile mistari mitano ambayo noti zinaandikwa juu yake. Polepole, lakini nikaelewa.

Niwape kidogo nilichojifunza, labda kuna mwenye mtoto anaanza. Majina ya hao wazee wa Ulaya siyaandiki, nitakosea spelling na uzi mzima ugeuke wa kunicheka.

Kuna Mjerumani mmoja alikuwa mtu wa kanisa kama mimi, na watoto wengi nyumbani. Anza na zile minuet za kwake, vipande vifupi vya dansi. Ile maarufu zaidi wanasema hata si yake, iliandikwa na mtu mwingine ikawekwa pamoja na zake, kwa hivyo sitaki kumpa sifa ya mwenzake. Uzuri wa minuet ni kwamba mkono wa kushoto unatembea peke yake. Sisi wa kanisa tumezoea mkono wa kushoto ukae tu na chord, noti tatu pamoja, kama mtu anayelinda mlango.

Kuna mwalimu mwingine aliandika mazoezi ya vidole mengi hadi unajiuliza alikuwa anakula saa ngapi. Hayo si matamu, lakini yanasaidia.

Kuna Mrusi aliyeandikia watoto vipande vya wanasesere na farasi. Hivyo mtoto anavipenda haraka.

Halafu kuna yule aliyekuwa kiziwi. Kila mtu anataka kuanza na ile yake ambayo iko kwa ringtone. Usianze nayo. Ule mwanzo unakushika mkono vizuri, ukifika katikati unakuacha kwa mataa.

Tulichagua minuet moja na kipande kimoja cha Mrusi.

Nyumbani hatuna kinanda, kwa hivyo Nafula alikuwa anafanya mazoezi kanisani akitoka shule. Pastor alitupatia ufunguo, Mungu ambariki. Mimi nilikuwa namwonyesha noti iko wapi, na baada ya muda mfupi yeye ndiye alikuwa ananionyesha mimi.

Sasa hapa ndipo mnisikilize.

Kinanda chetu kiko na batani ya transpose. Ukiiweka juu, unabonyeza key ileile lakini sauti inatoka juu zaidi ya vile inafaa. Keyboardist aliyenitangulia alijua kupiga nyimbo zote kwa key moja tu, na kwaya yetu inapenda kuimba juu kidogo. So aliweka transpose mbili juu, akabandika seloteip hapo watoto wasiguse. Mimi nilipoanza kupiga niliikuta hivyo.

Siku moja nilitaka kuitoa. Mama Sitawa, kiongozi wa alto, aliniangalia, akaniambia:

"Wewe fundi, guza hiyo kitu, na Jumapili alto utaimba wewe mwenyewe."

Nikaiacha. Na nisimwonee, hakuwa amekosea. Kwaya ilikuwa inaimba vizuri.

Pia sisi tumelelewa na sol-fa, ile ya do re mi. Kwetu do ni mahali popote mwimbishaji ameanzia. Leo do iko chini, kesho iko juu, wimbo ni uleule na watu wanaokoka. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu ambaye kila sauti kwake iko na jina lake, hilo moja tu, kama vile mtu anajulikana kwa jina.

Siku ya Kitale ikafika.

Mwalimu alikuwa Madam Wairimu, mama mpole, wa zile familia za Kikuyu zilizokaa Trans-Nzoia tangu zamani. Waliokuwa wamebaki kwa list ni watoto wawili: Nafula, na msichana mmoja wa hapo Kitale aliyekuja na mama yake.

Huyo msichana alianza. Wakuu, alicheza safi. Nilitafuta kosa, kwa sababu mimi ni mzazi, nikakosa.

Nafula akakaa. Akabonyeza noti kama tatu, akaacha. Akarudia. Akatoa mikono kama mtu ameguza sufuria ya moto.

"Madam, hii piano imeshuka."

"Imeshuka wapi?"

"Yote. Iko chini yote."

"Fundi aliitengeneza juzi tu, mami. Iko sawa. Cheza."

Mimi nilidhani ni uoga. Nikamwinamia. "Mama, cheza tu vile vidole vinajua."

"Vidole vinajua, Baba. Ni masikio yanakataa."

Kwa hayo maneno niliona bweni likienda.

Madam angetufukuza hapo, na hakuna mtu angemlaumu. Hakufanya hivyo. Alimwambia Nafula ageuke aangalie ukuta. "Nitabonyeza noti, wewe uniambie ni gani. Tuone hayo masikio."

Akabonyeza G.

"F," Nafula akasema.

Akabonyeza E.

"D."

Akabonyeza A.

"G."

Mimi nilikuwa naona vidole vya Madam, kwa hivyo nilikuwa najua majibu yote. Kila jibu lilikuwa kosa. Hata zile nyeusi, kosa. Mama wa yule msichana mwingine akaniambia pole kwa sauti ya chini, na naamini alimaanisha.

Kitu kilichonishtua kwanza ni kwamba mtoto hakuwa anabahatisha. Alikuwa anajibu kabla sauti haijaisha. Mtu anayebahatisha hungojea kidogo.

Kitu cha pili, Madam akaacha kuandika. Akaanza kubonyeza haraka, juu, chini, mbili pamoja, tatu pamoja. Nafula anataja zote, bado anaangalia ukuta. Zote kimakosa. Kosa lilelile, kiasi kilekile.

Madam akageuka kwangu.

"Baba Nafula, huyu mtoto anafanyia mazoezi wapi?"

"Kinanda cha kanisa, Madam."

"Kiko na transpose?"

Nilijua kabla sijajibu.

"Mbili juu," nikasema. "Ukibonyeza F inatoka G."

Madam alikaa chini kwanza, halafu akanieleza hivi. Chukua mtoto aliyekulia kwa nyumba yenye saa iko mbele kwa dakika kadhaa, na saa nyingine hajawahi kuona. Atakuambia saa bila kuangalia, na kila mara atakuwa mbali na watu wengine kwa kiasi kilekile. Si kwamba hajui saa. Anajua kabisa. Ni saa ya nyumbani iliyomfundisha. Akasema watoto wa masikio hayo ni wachache sana, na yeye kwa miaka yote ya kufundisha alikuwa amewasikia tu wakitajwa.

Sikujua nifurahi ama nilie.

Nafula akageuka kutoka ukutani. "Madam, naweza kuanzia kwingine?"

Akasogeza mikono juu kidogo, mahali sauti ingekuwa kama ya kinanda cha kwetu, akaanza minuet.

Mwenye anapiga ataelewa. Hiyo minuet vile imeandikwa iko na key moja nyeusi. Kuanzia hapo alipoanzia, inataka tatu. Vidole vyake havikuwa vimewahi kupita hapo. Alikuwa anaitafuta barabara huku anatembea, na wimbo unatoka.

Nisiseme uongo. Mkono wa kushoto ulipotea, ukarudi, ukapotea tena. Ile sehemu ya pili alienda pole hadi haikuwa minuet tena. Kipande cha Mrusi alianza akashindwa kumaliza.

Madam alikuwa amesimama, biro iko mdomoni, haandiki.

Nafasi alipewa yule msichana wa Kitale.

Madam alituambia mwenyewe, uso kwa uso. "Kama ningekuwa natoa kwa masikio, ningempa huyu bila kufikiria. Lakini tulisema kucheza, na mwenzake amecheza."

Na mimi ningekuwa yeye ningeamua hivyo. Nimejaribu kutafuta mahali tumeonewa, sipaoni. Hakuniahidi kitu, na mimi sikumwomba. Aliniambia tu nikifika nyumbani nizime transpose siku hiyohiyo.

Tulipotoka kwa gate Nafula hakulia. Aliniuliza, "Baba, kwa hivyo nyimbo zote nilikuwa nazijua, hakuna hata moja nilikuwa naijua?"

Nilimwambia anazijua. Hakuuliza tena. Mpaka leo sijui kama lilikuwa jibu, ama nilikuwa namfunga tu mdomo.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Ukifundishia mtoto kwa kinanda cha kanisa, kwanza angalia transpose iko zero, hata kama wewe mwenyewe husikii tofauti. Mimi sikuwa nasikia. Nilidhani basi tofauti haiko.

Tumekubaliana na Mama Sitawa: katikati ya wiki kinanda ni zero, Jumapili kinarudi juu kwa kwaya. Hata yeye alishtuka nilipomweleza. Alisema, "Sasa si tumeharibu mtoto, bana."

Nafula alikaa muda bila kuguza kinanda, hata Jumapili alikuwa anaenda kukaa nje wakati wa kwaya. Sikumsukuma.

Juzi nilipita kanisani kumchukua, nikamkuta kwa kinanda amempakata mdogo wake, anamwonyesha key moja moja. "Hii inaitwa D," anamwambia. "Kwetu tulikuwa tunaiita C." Wakasonga ya pili, majina mawili. Ya tatu, majina mawili. Mdogo anarudia yote bila kuuliza kwa nini. Mimi nikasimama hapo nje na helmet mkononi, nikashindwa kuingia.

Sasa nauliza mliosomea muziki, ama mwenye amelea mtoto wa masikio kama hayo. Haya majina mawili yatamsaidia ama yatamchanganya? Lile la zamani, la transpose, linaweza kutoka? Na kama linaweza, kuna haja nilitoe? Niambieni hata kama ni mbaya, nitasoma yote.