Koti la Majani

Baba mkwe wangu alikuja Dar kutoka Moshi kuhuisha leseni ya bunduki yake ya kuwindia, na mimi, mke wa mwanawe, nikataka apendeze akienda ofisini. Nauza makoti ya mtumba Kariakoo. Katika robota jipya yalikuwamo makoti ya wawindaji wa Ulaya, yamechorwa majani na matawi, yana mifuko ya risasi kila upande. Nikampelekea moja, nimelipiga pasi mwenyewe.

Alilishika kwa vidole viwili. "Zuri, mama," akasema. "Ila porini mimi navaa kizibao cha rangi ya chungwa, kama cha bodaboda. Mkiwa watatu kichakani, anayefanana na kichaka ndiye anayepigwa risasi. Halafu hapa mjini si watasema ni mabaka ya jeshi?"

Nikacheka. Raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na za jeshi, hilo Kariakoo nzima tunalijua. Lakini mimi nina kichwa kigumu, na zawadi yangu ikikataliwa nanuna kama mtoto. "Baba, haya ni majani tu," nikamwambia. "Jeshi gani linavaa majani?" Akanitazama, akalivaa. Sasa najua alilivaa kwa ajili yangu.

Tulikatiza Mnazi Mmoja kwa miguu kuelekea Posta, yeye mbele na bahasha yake ya karatasi za leseni, mimi nyuma nikijisifu moyoni. Wanajeshi wawili vijana wakatusimamisha. Wangekuwa wakorofi ningepata nafuu, maana kwa maneno hakuna anayeniweza. Walisema, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba. "Mzee, tunaomba uvue hilo koti."

Akavua. Ndani alikuwa na fulana tu, imetoboka kwapani, na kwetu baba mkwe haonwi hivyo na mkamwana wake. Nikainamisha uso. Wapita njia walishaanza kusimama.

"Umelitoa wapi, mzee?"

Robota lilikuwa wazi dukani, makoti mengine yananing'inia mlangoni. Nikitaja duka langu, yanakwenda yote, pengine na mimi mwenyewe. Nisipotaja, mzee anaweza kupelekwa kituoni, na nani tena atampa leseni ya bunduki? Najidanganya kwamba nilikuwa karibu kusema. Sikusema.

"Nilinunua mtumbani huko kwetu," baba mkwe akajibu. "Sikumuuliza mtu. Kosa ni langu."

Wakalichukua koti, wakamwonya kwa adabu, wakamwachia. Nikafungua kitenge nilichojifunga juu ya gauni, nikampa huku nimegeukia pembeni. Akajifunika mabega, mzee wa watu, akashika njia ya kurudi. Nilimwomba tupite dukani nimpe shati aendelee na safari yake. Akasema leseni ataifuata siku nyingine. Mimi ninayesifika kwa mdomo, njia nzima niliona aibu hata ya kumwomba radhi.

Tulipokaribia nyumbani akasimama. "Mama, mume wako usimwambie."

Nikamjibu sitasema. Nilidhani anaificha aibu yake, na kwa kweli nilifarijika kwamba na yeye ana lake la kuficha.

"Atakugombeza bure," akasema.