Muhuri wa Ngome Niliofuata Bungulu

Niliondoka Butembo kwa sababu ya duara moja la wino. Mimi hukusanya bahasha za zamani zenye mihuri ya posta iliyochorwa picha, hasa ngome na minara ya kumbukumbu. Nyumbani wananicheka, wala siwalaumu. Albamu yangu ilibakiwa na nafasi moja, ya muhuri wa Mombasa wenye Ngome ya Yesu, na rafiki yangu Paluku wa Beni alikuwa nao. Tulikubaliana anipe huo, nami nimpe bahasha yangu ya Zanzibar yenye Ngome Kongwe. Juma zima sikutulia.

Alfajiri nikapanda pikipiki. Barabara ya Beni siku hizi leo inapitika, kesho watu wanarudishwa. Kwenye kila kizuizi cha askari, nasema kweli, niliiogopea bahasha yangu ya Zanzibar kuliko nafsi yangu. Askari mmoja aliikuta ndani ya koti.

"Iko nini mu hii enveloppe?"

"Hakuna kitu, chef. Iko vide."

Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili, akaniachilia.

Bungulu, mtaa wa Beni anakokaa Paluku, nilifika kabla ya adhuhuri. Paluku alikuwa bado shambani. Mkewe, mama Masika, alinipa chai ya moto, lakini kila mara niliinuka kuchungulia njia. Yeye akatabasamu, akaleta kopo.

"Papa Muhindo, nafanyia Paluku surprise. Ile maenveloppe yake ilikuwa muchafu, ya kuchanika. Batu ba kanisa baliniambia tembre banaitoaka na maji. Nikatia yote mu maji. Angalia!"

Stempu zilikuwa safi, zimekaushwa vizuri.

"Na maenveloppe?"

"Niliwashia nayo makala ya jiko. Ya mwisho ni ya kupika hii chai."

Muhuri hupigwa nusu juu ya stempu, nusu juu ya karatasi. Ngome yangu ilikuwa imeungua. Hasira ilinipanda hadi nikainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Nilitamani kuondoka kabla mwenye mali hajafika.

Paluku aliingia na jembe begani. Mkewe akamwekea kopo mkononi na kumsimulia yote, hata habari ya makala. Alizigeuza stempu mojamoja, nami nikakodolea macho kikombe changu.

"Merci, mama," alisema. "Zimekuwa muzuri sana."

Mama Masika akacheka kwa furaha, akaenda kusonga bukari, ugali wa kwetu.

Alasiri Paluku alinisindikiza hadi penye pikipiki. Njiani alilia waziwazi.

"Hapana kumuambia, ndugu. Alifanya na upendo."

"Sitamuambia."

Nikamtolea bahasha ya Zanzibar.

"Lakini mimi sina kitu ya kukurudishia!"

"Nipe ile tembre ya Mombasa. Inatosha."

Butembo niliingia na giza. Kwenye pembe ya stempu kuna kipande kidogo cha ukuta wa ngome, na herufi chache za jina la mji. Nimeibandika katikati ya nafasi yake, pembeni peupe. Mimi ningegomba siku ile, Paluku alishukuru. Tangu hapo nikianza kufoka nyumbani, hukumbuka kopo lile na kunyamaza.

Mke wangu aliuliza sehemu iliyobaki ya ngome iko wapi.

"Niliinywa Bungulu," nilimjibu, "na chai ilikuwa tamu."